Mipito ya kifilamu: nitumie programu gani ya kuhariri video? Yangu inatoka kama slaidi

#1 – Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za muda huu. Naomba msaada wenu, na naomba msinicheke.

Nina filamu fupi ya dakika 11. Stori ipo, waigizaji wamejituma, sauti si mbaya sana. Balaa linaanza pale tukio moja linapoisha na lingine kuanza. Kila nikiweka mpito, kazi yote inageuka kuwa slaidi za picha. Nimejaribu ule wa kuzunguka, wa kuvuta, wa kioo kupasuka, mpaka wa ukurasa kufunuliwa. Jana nilimwonyesha rafiki yangu, dakika mbili tu akaniuliza ni tangazo la nini.

Mpaka sasa nahariri kwa programu moja ya simu yenye mipito kibao, ila ile mizuri imeanza kudai malipo. Nataka kuhamia kompyuta. Laptopu yangu ina RAM ya GB 8, na kadi ya grafiki ni ile iliyomo humo humo kwenye prosesa. Nasoma majina tu: DaVinci Resolve, Premiere Pro, Final Cut, Kdenlive, Shotcut. Ni ipi yenye mipito inayofanana na ya filamu za kweli?

Nakaa pale nasubiri.

#2

Baki na simu tu mkuu. CapCut inatosha kabisa. Tatizo lako si programu.

#3

Mkuu wa #2 amekata mno maneno lakini yuko karibu na ukweli. Ngoja nikae chini niandike, maana swali hili linarudi kila mara na majibu huwa ni orodha ya majina tu.

Mwanzisha uzi, chukua filamu yoyote unayoipenda, zima sauti, hesabu mipito kwa dakika 20. Utakuta karibu yote ni mkato mtupu: picha hii imeisha, ile imeanza, hakuna kitu katikati. Inayobaki ni myeyusho (picha moja inafifia huku nyingine ikitokea juu yake) hapa na pale, au picha kufifia hadi weusi. Kioo kupasuka hutakiona. Kwa hiyo ukitafuta programu kwa kuhesabu mipito iliyopakiwa ndani yake, unahesabu vitu ambavyo filamu zenyewe hazivitumii.

Kuna sababu ya kihistoria. Myeyusho ni wa zamani. Georges Méliès aliutumia kuunganisha matukio tangu 1899. Ulikuwa unafanyika ndani ya kamera: unafifisha shoti ya kwanza, unarudisha ukanda wa filamu nyuma, unapiga ya pili juu yake. Ukikosea umeharibu zote mbili. Baadaye kazi ikahamia maabara, na hata huko mhariri alichagua urefu wa mpito kutoka vipimo vichache vilivyozoeleka vya fremu, yaani picha moja moja zinazounda filamu: fremu 16, 24, 32, 48, 64 au 96. Kila mpito ulikuwa na gharama na ulichukua muda, kwa hiyo mtu aliuweka pale tu alipokuwa na sababu. Jicho la mtazamaji limekulia kwenye uchache huo.

Mfano ninaoupenda ni wa Lawrence of Arabia ya 1962. Jamaa anapuliza njiti ya kiberiti, na papo hapo tuko jangwani jua linachomoza. Kwenye muswada pale palipangwa myeyusho. Lakini kwenye nakala ya kazi myeyusho ulikuwa alama ya penseli tu, maabara walikuwa hawajautengeneza, hivyo walipoitazama wakaona mkato mkavu. Mhariri Anne V. Coates na mwongozaji David Lean wakaona huo mkato una nguvu kuliko walichopanga. Wakauacha. Coates akachukua Oscar ya uhariri.

Sasa niambie, hapo programu ingemsaidia nini?

#4 – Mwanzisha uzi

Mkuu #3, nimekusoma mara mbili. Kwa hiyo nikate tu kila mahali, basi? Maana nilishakata mwanzo, ikawa inaruka ruka kama sidii iliyokwaruzwa. Ndiyo maana nikakimbilia efekti.

#3

Hapo sasa tunazungumza.

Kuruka ruka kuna vyanzo viwili. Cha kwanza ni shoti mbili kufanana mno: mtu yuleyule, umbali uleule, pembe ileile. Jicho linaona mtu kahama ghafla kama kashtuliwa. Dawa yake ni kubadilisha ukubwa wa shoti au pembe, au kuingiza shoti ya kitu kingine katikati: mkono, mlango, sufuria inayochemka. Cha pili ni kukata mahali pabaya. Watu wengi wanakata tendo likiwa limekwisha kabisa: mtu amekaa, ametulia, ndipo wanakata. Kata akiwa *anakaa*. Mwendo wenyewe unauficha mkato.

Na hicho ndicho kipimo changu cha kwanza cha programu: inanipa raha gani ninapotaka kusogeza mkato fremu mbili mbele, tatu nyuma, bila kuvuruga taimulaini yote, ule mstari wa muda ambao klipu zinapangwa? Kwenye Resolve, Premiere na Final Cut unausogeza mkato kwa kibodi, fremu moja moja, huku unaona picha mbili kwa pamoja, ile inayoishia na ile inayoanzia. Simu inakulazimisha kutumia kidole, na kidole ni kinene kuliko fremu moja. Mimi simu siilaumu kwa sababu haina mipito. Naiacha kwa sababu ya kidole.

Kipimo cha pili: programu inafanya nini ukikosa akiba, yaani fremu za ziada nje ya mkato? Hili wengi hawaambiwi. Mpito wa fremu 24 uliowekwa katikati ya mkato unahitaji fremu 12 za ziada baada ya pale ulipoishia klipu ya kwanza, na fremu 12 kabla ya pale ulipoanzia ya pili. Kama ulirekodi ukazima kamera mara tu mwigizaji alipomaliza neno lake, fremu hizo hazipo duniani. Premiere itakuonya kwamba picha haitoshi kisha irudie fremu ya mwisho, yaani mtu anaganda katikati ya myeyusho. Final Cut hukuuliza kama ipunguze klipu ili kupata nafasi, ukikubali taimulaini inafupika. Ukilijua hili utaanza kurekodi tofauti: acha kamera iendelee kurekodi sekunde tano kabla ya tendo na tano baada yake. Hakuna programu itakayokuuzia sekunde hizo.

#5

Naunga mkono hoja ya akiba. Nilishawahi kuhariri kazi ya mtu ambaye kila klipu aliikata mwenyewe kwenye simu "kunirahisishia". Nilitaka kulia.

#6

Naona watu wanamrundikia historia huku laptopu yake ina GB 8. Tumsaidie huyu ndugu.

Resolve: watengenezaji wake, Blackmagic, wenyewe wanapendekeza RAM ya GB 16, na ukitaka kucheza na Fusion, ile sehemu ya efekti, GB 32. Programu yote inaegemea kadi ya grafiki. Kwenye mashine yako itafunguka, itakuchekea, halafu itaganda.

Mimi natumia Kdenlive na Shotcut kwenye mashine dhaifu kuliko yako. Zote mbili ni huria, hazina chapa inayobandikwa juu ya kazi yako, hazina malipo, na zinakwenda kwenye Windows, Mac na Linux. Shotcut ndiyo rahisi kuliko zote kwa jambo lako: unavuta klipu moja mpaka ipande juu ya jirani yake kwenye traki (mstari wa klipu) ileile, na pale zinapopishana unapata myeyusho. Urefu wa kupishana ndio urefu wa mpito. Mtoto anaelewa.

Halafu kuna kitu watu hawakigusi. Programu zote mbili zinakuruhusu kutumia picha ya rangi ya kijivu kama ramani ya mpito. Picha mpya inaanza kutokea kutoka upande mmoja wa rangi hiyo, weusi au weupe, kisha inasambaa kufuata kijivu. Ukichora mwenyewe picha yenye kingo laini, unapata mpito unaoingia taratibu kama ukungu, ambao hakuna mwingine anao. Mimi nilipiga picha ukuta uliochubuka, nikaigeuza kijivu, nikaitumia kama ramani.

La muhimu zaidi ni kuwasha proksi. Programu inatengeneza nakala ndogo za klipu zako, unahariri kwa hizo, na wakati wa kutoa kazi inarudi kwenye faili halisi. Bila proksi huwezi kupima mpito kwenye mashine dhaifu, kwa sababu unaona picha ikikwamakwama na hujui kama tatizo ni mkato wako au ni prosesa.

#7

Mimi ni mtu wa Premiere, kazini na nyumbani, kwa hiyo niseme upande wangu. Ndiyo, ni usajili wa kulipia kila mara, ukiacha kulipa mlango unafungwa. Hilo silitetei. Lakini kuna kitu kinaitwa Film Dissolve humo ndani ambacho kinajibu swali la mwanzisha uzi moja kwa moja.

Myeyusho wa kawaida wa kompyuta unachanganya namba za rangi kama zilivyohifadhiwa kwenye faili. Namba hizo hazilingani na mwanga halisi. Zimepindwa ili zikae vizuri kwenye skrini. Filamu ya zamani yenyewe ilichanganya mwanga wenyewe: shoti mbili zikipigwa juu ya ukanda mmoja, mwanga unajumlishwa. Film Dissolve inanyoosha kwanza namba hizo, inachanganya, kisha inazipinda tena. Matokeo unayaona kwenye vitu vyenye mwanga mkali. Taa ya barabarani kwenye shoti ya kwanza haizimiki haraka. Inaendelea kuwaka ndani ya shoti inayokuja mpaka mpito unapokaribia kuisha. Kwenye myeyusho wa kawaida taa hiyo hupauka mapema na picha nzima inaonekana kama chai iliyotiwa maji.

Wekeni zote mbili kwenye shoti ya usiku mlinganishe. Mchana hutaona tofauti kubwa.

#8

Mkuu #7, umeeleza vizuri, ila usimfanye mtu aamini kwamba lazima alipie usajili kwa ajili ya hilo. Resolve ya bure ina chaguo la mtindo ndani ya myeyusho wake. Fungua Inspector (paneli ya mipangilio), badilisha mtindo kutoka video kwenda filamu. Hapo hapo kuna chaguo la mwendo: mpito uanze polepole, uishe polepole, au vyote viwili. Hilo la mwendo kwangu lina uzito kuliko hata la mwanga. Myeyusho unaokwenda kwa kasi moja toka mwanzo hadi mwisho unanuka kompyuta.

Toleo la bure linatoa kazi hadi Ultra HD, fremu 60 kwa sekunde, bila chapa, ilimradi hujagusa efekti za toleo la kulipia la Studio. Na Studio yenyewe unainunua mara moja, si kila mwezi.

#7

Sijasema lazima alipie. Nimesema kipo. Na Resolve kwenye GB 8 tumeshaambiwa hapo juu.

#8

Sawa mkuu, yaishe. Nyongeza moja tu kwa watu wa Linux: Resolve ya bure huko haifungui video za H.264 wala H.265, ambazo ndizo simu na kamera nyingi zinarekodi. Utalazimika kuzibadilisha kwanza. Watu wanashusha programu, wanaingiza klipu, wanaona hakuna picha, wanadhani wameharibu kompyuta.

#9

Jamani, mnaongelea picha tu. Mimi ni dada wa sauti, nimewavumilia kwa muda.

Mpito wa filamu unasikika kabla haujaonekana. Mwanzisha uzi, chukua mkato wako unaoruka ruka kuliko yote. Usiguse picha. Tenganisha sauti na picha, kisha sauti ya tukio linalokuja ivute nyuma ianze sekunde moja kabla ya picha yake. Tuko bado chumbani, mama anamtazama mtoto aliyelala, na tayari tunasikia honi na makelele ya stendi. Picha ikikatwa kwenda stendi, mtazamaji alishafika. Wahariri wanauita mkato wa J, kwa sababu kwenye taimulaini sauti iliyotangulia chini ya picha inachora herufi hiyo. Kinyume chake ni wa L: picha imeshahama, lakini sauti ya tukio lililopita inaendelea kuning'inia juu ya uso wa mtu mwingine.

Kwa hiyo kipimo changu cha programu ni hiki: je, naweza kutenganisha sauti na picha kwa hatua moja, nikasogeza upande mmoja bila mwingine? Na je, kufifisha sauti naweza kuchagua mkunjo wake? Ukifanya sauti mbili zipishane kwa mstari ulionyooka, katikati kunatokea bonde, sauti inazama kidogo kisha inarudi. Premiere inakupa Constant Power ambayo inaziba bonde hilo. Resolve ina Fairlight ndani yake, ambayo ni studio nzima ya sauti, na ni bure. Hapo ndipo ningekaa.

Nusu ya mipito mnayoitafuta ni sauti ya mvua tu iliyowekwa mahali pake.

#10 – Mwanzisha uzi

Dada #9, nimejaribu sasa hivi kwenye tukio la mlango. Sikuamini. Nimefuta efekti, nimevuta sauti ya barabara nyuma kidogo, na mkato ule ule niliouona mbovu umekaa. Shikamoo.

Bado nina maswali mawili. Ile ya kamera kugeuka kwa kasi halafu tukajikuta mahali pengine: nimenunua kifurushi cha mipito ya hivyo, kinaonekana plastiki. Na ile mianga ya rangi ya chungwa inayopita kama filamu imeungua, inatoka wapi?

#3

Ya kugeuka kwa kasi: irekodi, usiinunue. Mwisho wa shoti ya kwanza geuza kamera kwa kasi kuelekea kulia. Mwanzo wa shoti ya pili ingia ukitokea na kasi hiyohiyo, ukielekea kulia vilevile. Kata katikati ya ukungu wa mwendo, pale ambapo hata wewe hujui ni shoti ipi. Kwa fremu 24 kwa sekunde, shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) iwe karibu na sekunde 1/50 ili ukungu uwe wa asili. Ukirekodi kwa 1/500, kila fremu inakuwa kali kama kisu na mkato utaonekana. Vifurushi vinaonekana plastiki kwa sababu vinavuta picha iliyosimama. 

Mianga: hiyo ni klipu ya video yenye mandhari nyeusi, unaiweka traki ya juu ya mkato, unabadilisha namna ya kuchanganya iwe Screen. Weusi unatoweka, mwanga unabaki. Karibu kila programu ya maana inafanya hivyo. Hakikisha pale mwanga unapokuwa mkali kabisa ndipo mkato wako ulipo chini yake. Na usiweke zaidi ya mara moja kwa filamu ya dakika 11. Haya, mara mbili, kama roho inakusumbua.

#11

Kitu kimoja hakijaguswa. Ukija kumpa mtu mwingine arekebishe rangi, au ukihama programu, utatoa mradi kwa XML au EDL, yaani faili zinazobeba orodha ya mikato yako. Myeyusho wa kawaida na kufifia vinasafiri. Mpito wa kifurushi cha watu wengine hausafiri. Upande wa pili unafika mkato mtupu au kosa. Hiyo peke yake imenifanya niache madoido.

Na msimtishe mtu kwa programu mpya mpya. Parasite, iliyochukua Oscar ya filamu bora 2020, ilihaririwa kwa Final Cut Pro 7, ambayo Apple waliiacha tangu 2011. Mhariri aliizoea, akabaki nayo.

#6

Na kama sehemu ulirekodi kwa simu, angalia kasi ya fremu kwanza. Simu nyingi hupandisha na kushusha fremu zenyewe wakati wa kurekodi. Ukiingiza hivyo hivyo, sauti inaanza kuachana na midomo polepole. Pitisha klipu kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha faili za video, chagua kasi isiyobadilika, ndipo uhariri.

#12 – Mwanzisha uzi

Wakuu, nimerudi baada ya siku tisa. Mrejesho.

Nilishusha Resolve kwanza, kwa ubishi. #6 alisema kweli: ilifunguka, ikanichekea, ikaganda. Nimehamia Shotcut kwa proksi, klipu za simu nimezipitisha HandBrake.

Filamu yangu ina mabadiliko ya tukio 19. Nimefuta kila efekti nikaanza upya. Sasa 14 ni mikato mitupu, na tisa kati ya hizo nimetanguliza sauti. Mitatu ni myeyusho: mmoja wa sekunde moja, miwili ya sekunde mbili, pale muda unapopita na hakuna kilichosemwa. Mmoja ni kufifia hadi weusi, baada ya mazishi. Mmoja ni wa kamera kugeuka, ambao ilibidi nimwite mwigizaji turudie shoti mbili jioni. Alinuna, lakini alikuja. Mianga ya chungwa sijaitumia hata mara moja.

Tukio la bibi akiwa dirishani nilitaka myeyusho wa fremu 48, nikagundua nilizima kamera mapema. Akiba ilikuwa fremu tisa tu. Basi pale nimekata, nikaacha kikohozi chake kisikike upande wa pili.

Rafiki yangu ameangalia tena. Safari hii hajauliza chochote mpaka dakika ya saba, akauliza kwa nini bibi haonekani tena.

#9

Mwambie asubiri. Na hicho kikohozi kishushe kidogo, ndugu yangu, usije ukamfanya adhani bibi yuko stendi.